Namna ya Kuwa Mwalimu Upesi na Kubaki Kazini Hadi Uzeeni

Mwongozo huu ni wa kijana anayetaka mambo mawili kwa mpigo: mafunzo ya ualimu yasiyomchosha na ajira ya serikali isiyomtoka. Utaambiwa mawili hayo hayaendi pamoja. Anayekwambia hivyo haijui historia ya elimu ya Tanzania. Kwa karibu nusu karne nchi hii imewaweka kazini muda mrefu zaidi wale iliowafundisha kwa muda mfupi zaidi. Matatizo yameanza juzi, vijana waliposhikilia kuusomea ualimu miaka 3 mizima ya digrii, tena kwa mkopo.

Soma taratibu, na usiiruke hatua ya kwanza, maana wengi wanaolia leo waliiruka.

Zaliwa mwaka unaofaa

Hili ndilo kubwa, na ndilo linalopuuzwa. Watu wanahangaika na alama za kidato cha sita, wanahangaika na Bodi ya Mikopo, kumbe shauri lao liliamuliwa siku mama alipopelekwa leba. Mwaka mzuri kuliko yote ulikuwa 1960, ukipungua au kuzidi kidogo. Mtoto wa 1960 alikuwa bado anasoma shule ya msingi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokaa Musoma na kuamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Mpango wa awali ulikuwa unalenga mwaka 1989. Musoma ikakata miaka 12 kwa kikao kimoja.

Watoto walikuwepo. Madarasa yangejengwa kwa kujitolea, au watoto wangekaa chini ya mti. Walimu je? Vyuo vya ualimu visingewatoa hata kama wakufunzi wangefundisha usiku na mchana. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachaguliwa hukohuko vijijini kwao, wakakabidhiwa darasa, wakaanza kufundisha huku wakijifunza kufundisha. Masomo yao yalikuja kwa posta na kwa redio. Mkufunzi wa kata alikuwa akiwafundisha na kusahihisha kazi zao. Baada ya miaka 3 ya mwendo huo waliitwa chuoni wiki 6 kumalizia, wakatoka walimu kamili. Waliopita njia hiyo walikuwa makumi ya maelfu.

Mitaani waliitwa walimu wa UPE, kwa kifupi cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, na aliyelisema jina hilo hakuwa anasifu. Mtoto akishindwa kugawanya, mzazi alijua wa kumlaumu. Niseme ukweli wangu hapa kabla kejeli haijanipeleka mbali: wengi wetu tunaosoma gazeti bila kufuata mstari kwa kidole tulifundishwa a-e-i-o-u na mwalimu wa namna hiyo, aliyekuwa na watoto 80, ubao uliochubuka na kipande cha chaki alichokikata mara tatu ili kifike Ijumaa. Waliowadharau hawakujitolea kwenda kufundisha badala yao.

Lakini mwongozo huu hauhusu heshima, unahusu ajira. Piga hesabu. Mtu wa 1960 aliyeshika chaki mwaka 1977 alistaafu kwa mujibu wa sheria mwaka 2020, akiwa na miaka 60. Miaka 43 kazini! Katika muda huo aliambiwa ajiendeleze: kutoka Daraja C kwenda B, kutoka B kwenda A, kisha akaufanye mtihani wa kidato cha nne, chumba kimoja na watoto aliowafundisha kuhesabu vijiti. Akaufanya, akaurudia, akapata. Akanunua kiwanja, akasomesha, akajenga. Akachukua kiinua mgongo chake kabla ya kikokotoo cha pensheni cha Julai 2022 kuwaambia waliomfuata kwamba mkupuo ni asilimia 33 (ilipandishwa hadi 40 mwaka 2024, baada ya kelele nyingi). Kwa elimu ya ualimu iliyopita redioni, hakuna mwenye shahada ya uzamili wa leo atakayefikia usalama huo wa ajira.

Kama ulikosa kuzaliwa mwaka 1960, mbingu zilikupa nafasi ya pili: 1986 hivi.

Soma kozi ya wiki chache

Mwaka 2005 Tanzania ilikuwa na shule za sekondari zisizofika 2,000. Mwaka 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Hizo nyingi zilizoongezeka ndizo shule za kata, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, alizisimamia kwa namna ambayo mkuu wa wilaya asiye na boma la kuonyesha alikuwa halali usingizi. Wananchi walichanga tofali, mchanga, maji, fedha. Asiyechanga, mgambo waliijua nyumba yake. Ukuta wa darasa ukisimamiwa vizuri unapanda kwa wiki 3. Mwalimu wa Hisabati hapandi kwa wiki 3. Au hupanda? Serikali ikaona ijaribu.

Wakachukuliwa vijana waliotoka kumaliza kidato cha sita, wakawekwa chuoni kwa muda usiozidi ule anaotumia mtu kufuatilia pasipoti, wakapewa barua za kwenda kufundisha. Watu wakawaita Voda Fasta, kwa ile huduma ya simu ya kuongezewa salio papo kwa papo bila kukwangua vocha. Kwa lugha ya ofisi ulikuwa mpango wa dharura. Dharura yenyewe ilikuwa imetangazwa na haohao waliokuwa wanaikimbilia.

Ukipata kozi ya aina hiyo, usijitese na madaftari. Ina mada tatu: namna ya kuandika andalio la somo, namna ya kuandika ubaoni bila kulipa darasa mgongo, na namna ya kusema “tulieni”. Ya nne, saikolojia ya mtoto, huachwa kwa sababu muda umeisha na kwa sababu mwalimu mwenyewe ana miaka 20. Shika zaidi ile ya kwanza. Andalio la somo lina safu ya maoni upande wa kulia, na kwenye safu hiyo kila siku utaandika: “Somo limeeleweka kwa asilimia 85.” Usiandike 100, mkaguzi atashtuka. Usiandike 60, atakuuliza umefanya nini kuhusu hao 40.

Wapo watakaosema mafunzo mafupi hivyo ni aibu ya Kiafrika. Waambie kuhusu Marekani. Huko tangu mwaka 1990 kuna taasisi iitwayo Teach For America, inayochukua vijana waliotoka vyuo vikuu vikubwa, kuwafunda takriban wiki 5 za kiangazi na kuwapeleka kwenye shule za maskini kwa ahadi ya miaka 2. Tofauti ni mbili. Kwanza, wao wana digrii tayari. Pili, baada ya miaka 2 kijana anaweza kuondoka kwenda kusomea sheria, na wasifu wake unang’aa kwa ajili hiyo. Wetu alikwenda akabaki.

Ripoti kituo cha kazi

Shuka kwenye basi, panda pikipiki, kisha tembea. Fedha za kujikimu ulizoahidiwa zitakuwa “kwenye mchakato”, kwa hiyo beba unga. Mkuu wa shule utamkuta kwenye benchi nje ya ofisi akisaini kitu.

“Shikamoo, mkuu.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu sana. Masomo yako ni yapi?”

“Historia na Kiswahili, mkuu.”

“Safi. Utachukua Fizikia, kidato cha kwanza hadi cha tatu.”

“Mkuu, mimi nilikuwa HKL.”

“Mimi nilisomea Kilimo, mwalimu, na Kemia naifundisha hadi leo. Kabati la maabara lile pale. Ufunguo ulipotea.”

Usibishane. Shule ilikuwa na walimu 4, nawe umekuwa wa tano, na ratiba ina masomo 9. Chomekea shati, maana usipochomekea mwalimu wa zamu atakuhesabu mstarini pamoja na kidato cha nne. Mwanafunzi akikuuliza swali usilolijua, mpongeze kwa kudadisi, kisha uligeuze kuwa kazi ya nyumbani kwa darasa zima. Kesho yake msahau. Na usifundishe sura ya mbele ya ile uliyoisoma jana usiku. Hapo ndipo wengi waliposhikwa.

Utajiuliza: matokeo yakitoka, si nitafukuzwa? Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 ulifanywa na karibu watahiniwa 400,000, na zaidi ya 240,000 wakapata sifuri. Nchi ikapiga kelele, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Kisha? Serikali ikayafuta matokeo, ikaagiza alama zipangwe upya, na waliopata sifuri wakapungua bila mtu yeyote kurudi darasani. Jifunze hapo. Watoto wakifeli kwa wingi kiasi hicho hatafutwi mwalimu. Kinachotafutwa ni namna ya kupanga alama. Anayeogopa ni yule ambaye watoto wake 3 tu wamefeli.

Wengi wa Voda Fasta walijiendeleza kwa fedha zao, likizo kwa likizo, wakapata stashahada na digrii. Leo unawakuta ni wakuu wa shule na maofisa elimu kata. Wanapokea vijana wenye digrii waliokuja kuomba kujitolea, na nitalirudia hilo.

Usichanganye njia ya mkato na korongo

Haraka nyingine si salama. Haraka mbaya kuliko zote ni inayoanzishwa chini ya rais mmoja na kumaliziwa chini ya mwingine. Waulize vijana wa stashahada maalumu ya ualimu wa Sayansi na Hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Programu ilianzishwa wakati wa Rais Jakaya Kikwete, kwa nia njema kabisa, ili kuziba upungufu wa walimu wa Sayansi: wachukuliwe waliomaliza kidato cha nne, wasipitie cha tano na cha sita, wapelekwe chuo kikuu moja kwa moja. Mei 2016, chini ya Rais John Magufuli, wahadhiri walikuwa wamegoma kuwafundisha kwa madai ya malipo, na wanafunzi zaidi ya 7,000 wakaamriwa kuondoka chuoni. Stendi ya Dodoma ikajaa masanduku. Siku chache baadaye Rais akawaita vilaza hadharani. Waliokuwa na sifa wakaja kuhamishiwa vyuo vya ualimu, wengine wakabaki na kitambulisho cha chuo kikuu na hadithi ya kusimulia. Hawakujipeleka wenyewe Dodoma. Walichaguliwa, wakaitwa, wakaja.

Njia nyingine ni ile ya kozi fupi kuliko zote, inayochukua muda wa wino wa mhuri kukauka. Kwa miaka mingi ilifanya kazi vizuri. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma tena, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa, majina yao yakachapishwa. Walimu nao walikuwemo. Baadhi walikuwa wamefundisha miaka 20, na watoto waliowafundisha wana vyeti halali hadi leo. Mwanasheria atakayenieleza hilo limekaaje nitamnunulia chai. Miaka 5 baadaye serikali ilikubali kuwarudishia michango waliyokatwa kwenye mishahara kwa ajili ya pensheni. Hata hivyo siipendekezi njia hii. Inahitaji moyo.

Linda kiti

Tuseme umeingia. Una cheki namba, umethibitishwa kazini baada ya mwaka wa majaribio, na umesajiliwa kwa ajira ya masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Ukisoma mashauri ya nidhamu yanayofika Tume ya Utumishi wa Walimu, utagundua kosa linaloongoza ni utoro. Kwa hiyo siri ya kutofukuzwa ualimu ni kwenda. Kufika, kusaini daftari la mahudhurio, kuonekana. Yanayofuata baada ya kuonekana yana fomu zake, na siku hizi fomu zimehamia kwenye simu, mfumo wa kupima utendaji uitwao PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS. Utajaza humo umetekeleza nini na kwa kiwango gani. Mtandao unapatikana juu ya kilima nyuma ya vyoo vya wavulana, kati ya saa 11 na saa 12 jioni.

Chama cha walimu kitakukata asilimia 2 ya mshahara bila kukusumbua kwa maswali. Mei Mosi utapata fulana na kofia. Vaa.

Kisha kopa. Wengi hawaelewi kwamba mkopo ni nguzo ya usalama wa ajira. Mwalimu asiye na deni anaweza kuamka siku moja akaandika barua ya kuacha kazi. Mwenye mkopo wa benki wa miaka 7, wa saccos juu yake, na wa kausha damu juu ya zote, aliyeiacha kadi yake ya ATM na namba ya siri kwa mama mmoja mwenye duka pale stendi, huyo haendi popote. Yeye ni mali ya umma kwa maana zote. Tarehe 25 mshahara unaingia saa 9 alasiri, saa 9 na dakika 5 umeshatoka, na yeye anaendelea kufundisha kivumishi.

Ukitaka kuhama, jiunge na kundi la WhatsApp la kubadilishana vituo. Tangazo huandikwa hivi: “Niko Kakonko, msingi, Daraja A, maji yapo, umeme unakuja. Natafuta wa Kibaha, Bagamoyo au popote Pwani. Yupo tayari?” Yupo aliyeliweka tangazo hilo akiwa bwana harusi, na mwanawe wa kwanza sasa anasoma darasa la tatu hapohapo Kakonko.

Tahadhari moja: ajira ni ya kudumu, darasa si la kudumu. Miaka ile ya 2016 hadi 2018 walimu wa sekondari wa masomo ya sanaa walionekana wamezidi, wakashushwa kwenda shule za msingi. Mtu ana digrii ya Historia, anaimbisha darasa la pili “saa ngapi sasa”. Mshahara haukupungua, niseme hilo. Kilichopungua kila mtu alikijua na hakuna aliyekiandika.

Kama umechelewa kuzaliwa

Sasa tuje kwako, mwenzangu na mie, uliyeona ualimu ni taaluma ukaamua kuusomea. Ulifanya mazoezi ya kufundisha ukakaguliwa na mhadhiri aliyekaa dawati la nyuma na karatasi ya alama. Ukaandika tasnifu. Ukahitimu mwaka 2015 au baadaye.

Waliokutangulia walihitimu tu. Majina yao yakabandikwa, fulani Sumbawanga, fulani Lindi, nenda ukaripoti. Mwaka 2016 ajira zikasimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Mwaka huohuo elimu bila ada ikaanza na madarasa ya kwanza yakafurika hadi watoto wakakaa madirishani. Yaani milango miwili ilifanya kazi kwa wakati mmoja: wa wanafunzi ulifunguliwa wote, wa walimu ukafungwa. Ulipofunguliwa tena, ulifunguliwa kidogokidogo. Mapema mwaka 2025 tuliambiwa waombaji zaidi ya 200,000 walikuwa wanawania nafasi za ualimu zisizofika 15,000. Walimu hao wasio na ajira wakaunda umoja wao, NETO, wakataka kujua kosa lao.

Kosa lao nimeshalieleza: walisoma sana. Mwaka 1976 serikali ilikuwa na haraka, ikamchukua aliyemaliza darasa la saba. Mwaka 2006 ikawa na haraka, ikamchukua wa kidato cha sita. Sasa anayesubiri mlangoni ana digrii, stashahada na nambari ya NIDA, na haraka imekwisha. Shule zina upungufu uleule. Mkuu wa shule anaujua, mzazi anaujua, bunge linasomewa takwimu zake kila bajeti. Kilichokosekana mwaka 1976 kilikuwa watu waliosomea ualimu. Leo watu wapo, kinachokosekana ni fungu la mishahara, na fungu halina kozi ya wiki 6.

Utaratibu wa sasa ni usaili. Ukiona tangazo kwenye mfumo wa Ajira Portal, ambatisha cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na sita, na cheti cha chuo. Hati za matokeo hazikubaliwi. Ushuhuda wa kumaliza shule haukubaliwi. Kama cheti kimoja kinakuita Mwanahamisi na kingine Mwanahamis, kamuone wakili kabla hujamuona mtu mwingine. Barua ya maombi iwe imesainiwa. Kisha kuna mtihani wa mchujo, mnaufanya maelfu. Ukipita kuna mahojiano, mbele ya watu watatu walio na maji ya chupa. Ukifaulu na nafasi zikawa hazikutosha, jina lako litahifadhiwa kwenye kanzidata. Ukitaka kumfurahisha mama mwambie hivyohivyo: “Nimefaulu, nipo kanzidata.” Atawaambia majirani.

Wakati unasubiri, jitolee. Mwalimu wa kujitolea ndiye wa haraka kuliko wote waliowahi kutengenezwa, hata Voda Fasta hafui dafu: anafika asubuhi saa 1, saa 2 anafundisha. Malipo yake ni michango ya wazazi ikipatikana, elfu hamsini mwezi huu, mahindi mwezi ujao, na mwezi wa tatu pole. Anapewa vipindi vingi kuliko walioajiriwa kwa sababu ndiye mwenye nguvu, anasahihisha, anasimamia usafi, na mkaguzi akija, yeye anaambiwa akae maktaba. Ajira yake ni salama mno. Hawezi kufukuzwa, kwa kuwa hakuajiriwa. Hawezi kucheleweshewa kupanda daraja, kwa kuwa hana daraja. Hana malimbikizo anayodai.

Ukifikiri ni balaa letu peke yetu, vuka Namanga. Kenya walimu waliopelekwa sekondari ya chini waliajiriwa wanagenzi, kwa posho ya shilingi 20,000 za kule kabla ya makato, mkataba wa mwaka, kisha mwaka tena. Ni walimu waliosajiliwa, wenye vyeti vyote, ila wanagenzi. Aprili 2024 mahakama ya ajira ikasema tume ya walimu haina mamlaka ya kuwaajiri kwa mtindo huo. Walimu wakagoma wiki kadhaa, serikali ikatenga fedha za kuwapa 46,000 ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. Na kabla Januari yenyewe haijafika, tume ikatangaza nafasi nyingine. Za wanagenzi.

Kwa hiyo usikate tamaa, na usiache kufungua simu kuangalia matangazo. Ila ujue subira yako imewekewa kikomo. Matangazo ya kazi hizi husema mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Aliyehitimu mwaka 2015 akiwa na miaka 25 ana hadi mwaka 2035. Mwalimu wa UPE akifikisha miaka 45 alikuwa ameshafundisha miaka 28.